Pesa Inayokaa Katikati

Ukisoma habari za soko la mtandaoni la Taobao kuishinda eBay ya Marekani nchini China, mara nyingi utaambiwa mambo mawili: kwamba Taobao ilikuwa bure na eBay ilitoza, na kwamba Jack Ma, mwanzilishi wa Alibaba iliyoijenga Taobao, aliwajua watu wake kuliko Wamarekani walivyowajua. Yote mawili ni kweli, na yote mawili hayatoshi. Masoko ya bure ya mtandaoni yamekufa mengi tu, na wenyeji waliowajua watu wao wamefilisika pia. Mimi nataka kufungua kifaa kimoja tu ndani ya soko lile, nikitazame vipuri vyake: namna pesa ya mnunuzi ilivyoshikiliwa na mtu wa tatu mpaka mzigo ufike. Bila kifaa hicho, ubure wenyewe usingefika mbali. Tena ukienda Indonesia au Japani utakikuta, kila mahali kimefungwa kwa namna yake.

Mwaka 2003 soko kubwa la mtandaoni China lilikuwa EachNet, lililoanzishwa Shanghai mwaka 1999 na Shao Yibo na Tan Haiyin kwa kufuata mfano wa eBay. eBay yenyewe ilinunua theluthi ya hisa Machi 2002 kwa dola milioni 30, na Juni 2003 ikamalizia zilizobaki kwa takriban dola milioni 150. Mwezi mmoja kabla ya hapo, tarehe 10 Mei, katikati ya hofu ya ugonjwa wa SARS, Alibaba ya Hangzhou ilikuwa imefungua Taobao. Kikosi kilichoijenga kilijifungia katika nyumba ileile ya Ma ambamo Alibaba ilianzia, na hakikuandika programu kuanzia mwanzo. Kilinunua msimbo wa mnada uliokwisha kuandikwa kwa lugha ya programu ya PHP, kikaurekebisha, kikauweka hewani. Mwaka uliofuata kazi ya kuuandika upya kwa Java ilikuwa imeanza, kwa sababu ule wa kwanza ulikuwa umeelemewa. Nalitaja hili kwa ajili ya wanaodhani ushindi ulitokana na ubora wa programu. Programu ilikuwa ya kawaida kabisa.

Kilichowasumbua wote, EachNet na Taobao, ni swali la nani atangulie. Kadi za mkopo walikuwa nazo wachache. Mtu wa Shanghai aliyependa saa iliyotangazwa na mtu wa Shanghai alipanga kukutana naye kituo cha metro, wakakabidhiana pesa na mali, kila mmoja akashika njia yake. Hiyo ni biashara, ila ni biashara ya mji mmoja. Sasa muuzaji awe Guangzhou na mnunuzi awe Xi'an. Akitangulia mwenye pesa, anaweza kupokea boksi la matofali au asipokee kitu. Akitangulia mwenye mali, anaweza kusubiri malipo mpaka achoke. Hapakuwa na mahakama ya kumhangaikia mtu aliyepoteza yuan 200, na nyota za sifa ambazo eBay ilizitegemea Marekani hazikuwa na uzito kwa watu ambao ndio kwanza wanaingia mtandaoni. Nyota hukusanywa kwa mauzo mengi, na mauzo yenyewe hayakuwepo.

Muamala wa kwanza uliovuka kikwazo hicho ulifanyika Oktoba 2003. Mchina aliyekuwa akisoma Japani alitangaza kamera ya Fuji iliyokwisha kutumika, na kijana wa Xi'an akaitaka kwa yuan 750. Kwa masimulizi ya Alibaba yenyewe, kijana yule alilipa kupitia huduma mpya ya kushikilia pesa, kisha akaingiwa na wasiwasi akataka arudishiwe, na ikabidi mfanyakazi wa Taobao azungumze naye mpaka akatulia. Kamera ikafika. Huduma hiyo ndiyo Alipay, ambayo Desemba 2004 ilitengwa ikawa kampuni yake.

Ukitazama kwa mbali, hatua zilikuwa chache. Mnunuzi anaagiza. Anaenda benki na kuweka pesa kwenye akaunti ya Taobao badala ya akaunti ya muuzaji. Anatuma nakala ya hati ya benki kwa faksi. Mhasibu upande wa pili anaoanisha hati na oda kwa mkono, kisha muuzaji anaambiwa kwamba pesa imeshafika, atume mzigo. Mzigo ukifika mnunuzi anathibitisha, na mhasibu anamlipa muuzaji. Mabenki yamekuwa yakiwafanyia hivi wafanyabiashara wa melini tangu zamani, kwa ile hati ambayo waagizaji wetu huiita LC. Alipay iliishusha huduma hiyo mpaka ikafika kwenye shati la yuan 50, jambo ambalo hakuna benki ingelihangaikia. Tawi la Xihu la benki ya ICBC mjini Hangzhou ndilo lililokubali kushirikiana mapema, na wafanyakazi wake wakajikuta wakihamisha viasi vidogovidogo kwa wingi usiolingana na faida yake.

Ufundi wenyewe uko mahali ambapo wengi hawapatazami. Mnunuzi amepokea shati, limemkaa vizuri, amelivaa, amesahau. Hajabonyeza kitufe cha kuthibitisha. Pesa ya muuzaji imekwama. Ukimwachia mnunuzi neno la mwisho bila kikomo umempa rungu, maana anaweza kukaa kimya makusudi, au kudai punguzo kwanza ndipo abonyeze. Ukiiachia pesa itoke mara tu mzigo unapotumwa, umerudi kulekule kwenye matofali. Alipay ikaweka saa. Muuzaji akishaandika kwamba ametuma, siku zinaanza kuhesabiwa. Zikiisha bila malalamiko, pesa inatoka yenyewe. Mnunuzi akilalamika kabla ya hapo, saa inasimama na pesa inabaki ilipo. Mzigo ukichelewa njiani, muuzaji anaweza kuongeza siku.

Sharti hilo ni dogo kwenye programu, lakini ndani yake kuna uamuzi mzito wa kibiashara: kimya cha mnunuzi kinahesabiwa kwa nani? Taobao ilikihesabu kwa muuzaji, baada ya kumpa mnunuzi muda wa kutosha wa kulalamika. Kwa hiyo muuzaji mwaminifu alikuwa na hakika ya kulipwa hata mteja wake akiwa mzembe, na mnunuzi aliye macho alikuwa na hakika ya kurudishiwa. Aliyebaki bila kinga ni tapeli na mzembe tu. Ukipunguza siku hizo wanunuzi wanakimbia, ukizirefusha mtaji wa wauzaji wadogo unakauka, kwa sababu wengi wao hununua mzigo wa wiki hii kwa mauzo ya wiki iliyopita. Nawashauri wote wanaochora mifumo ya malipo watumie muda wao mwingi hapa, kwenye hesabu ya siku na kwenye swali la nani anafaidika nazo, kuliko kwenye rangi za vitufe. Februari 2005 Alipay ikaongeza ahadi kwamba anayelipa kupitia kwake akatapeliwa atafidiwa pesa yake yote. Ahadi ya namna hiyo haiwezi kutolewa na kampuni ambayo pesa imeshatoka mikononi mwake.

Lakini saa inahitaji ushahidi. Nani anajua mzigo umetumwa? Hapa Hangzhou ilikuwa na bahati ya jirani. Wilaya ya Tonglu, ndani ya eneo la mji huohuo, ndiyo iliyozaa kampuni nyingi kubwa binafsi za vifurushi za China: Shentong mwaka 1993, Yunda 1999, Yuantong 2000, Zhongtong 2002. Waanzilishi wake walikuwa watu wa vijijini, wengine ndugu na marafiki, walioanza kwa kubeba nyaraka za forodha kati ya Hangzhou na Shanghai. Kisheria walikuwa gizani, kwani posta ya serikali ilikuwa na haki ya pekee, na ni sheria ya posta iliyorekebishwa mwaka 2009 ndiyo iliyowapa uhalali kamili. Mwaka 2005 Yuantong ilikubaliana na Taobao kubeba mizigo yake kwa bei ya chini. Tangu hapo namba ya kifurushi ikawa shahidi wa tatu baada ya mnunuzi na muuzaji: mzigo umepokelewa tawi fulani, umefika mji fulani, umesainiwa. Mgogoro ukizuka, anayeamua ana kitu cha kusoma.

Mwamuzi huyo alikuwa na kitu cha pili cha kusoma, na hapa ndipo ule ubure unapoingia. Taobao iliwapa watu wake Wangwang, programu ya kuchati kati ya mnunuzi na muuzaji kabla ya kununua. Unauliza kama rangi ni ileile ya kwenye picha, unaomba upunguziwe, unaomba kiongezwe kitu kidogo. Mtu yeyote wa Kariakoo ataona hili ni jambo la kawaida mno kulitaja. Kwa eBay lilikuwa hatari. eBay iliishi kwa kamisheni, na watu wawili wakishaongea na kubadilishana namba za simu, watamalizana pembeni na kamisheni imepotea. Ndiyo maana mfumo wake uliwaficha watu hao wasijuane mpaka biashara imefungwa. Taobao haikuwa na kamisheni ya kuibiwa, hivyo haikuwa na sababu ya kuwaficha. Isitoshe, waliokuwa wameshajuana bado walirudi kulipia ndani ya Taobao, kwa sababu huko nje hakuna wa kuwashikia pesa. Mazungumzo yakabaki kwenye kumbukumbu na kutumika kama ushahidi. Ubure, chati na pesa ya katikati vilikuwa mashine moja, na mshindani hawezi kunakili kipande kimoja akategemea kiende.

eBay ilijaribu kunakili. Mwaka 2004 ilileta huduma yake ya kushikilia pesa, Anfutong, na Julai 2005 ikaleta PayPal ya China. Vyote vilibandikwa juu ya soko ambalo bado lilitoza na bado liliwaficha watu. Halafu Septemba 2004 ikafanya jambo ambalo hadi leo hutolewa mfano: iliwahamisha watumiaji wa EachNet kwenye mfumo wake wa dunia nzima, wenye seva Marekani. Kurasa zikawa nzito, sura ya tovuti waliyoizoea ikabadilika, na maombi ya marekebisho yakawa yanavuka bahari kusubiri zamu. (Anayetaka kujua kampuni kubwa inavyokufa ugenini, aulize ni nani mwenye ruhusa ya kubadili neno moja kwenye ukurasa wa mbele.) Januari 2005 ilitangaza kuweka dola milioni 100 zaidi China. Desemba 2006 iliufunga mtandao wake mkuu kule na kuingia ubia na kampuni ya Tom Online, yenyewe ikiwa na asilimia 49.

Ubure nao una deni lake. Mei 2006 Taobao ilijaribu kuwauzia wauzaji nafasi za juu kwenye matokeo ya utafutaji. Wauzaji wakachachamaa, wakatishia kugoma, na mwezi uliofuata mpango ukafutwa baada ya kupigiwa kura. Matangazo yalirudi baadaye kwa mlango mwingine na ndiyo yaliyoilisha kampuni. Na kwa kuwa mauzo yaliyopita Alipay yalihesabiwa kuwa mauzo ya kweli, wajanja wakaanza kununua bidhaa zao wenyewe, wakituma maboksi matupu ili wapande daraja. Kila kigezo cha uaminifu kina soko la kukighushi. Kitu kilichonifurahisha zaidi katika maboresho ya baadaye ni bima ya nauli ya kurudisha mzigo, iliyoanza mwaka 2010. Watu walikuwa wakigombana kwa yuan chache za kurudishia viatu visivyowatosha. Mwanzoni bima hiyo ililipwa kwa senti, na anayerudisha mizigo mara kwa mara hutozwa zaidi. Ugomvi mdogo wa kila siku ukageuzwa kuwa hesabu.

Tuvuke kwenda Indonesia. Huko watu walishaanza kushikiana pesa kabla ya kampuni yoyote. Kwenye Kaskus, jukwaa lililoanzishwa na Andrew Darwis mwaka 1999, wanachama wenye jina zuri walijitolea akaunti zao zitumike kama akaunti ya pamoja, rekening bersama, kwa malipo kidogo. Kampuni ya soko la mtandaoni Tokopedia, iliyofunguliwa na William Tanuwijaya na Leontinus Alpha Edison Agosti 2009, iliichukua kazi hiyo na kuifanya ya mfumo. Tatizo lao lilikuwa lile la mhasibu wa Hangzhou: pesa imeingia benki, lakini ni ya nani? Watu walilipa kwenye mashine za ATM, wakasahau kuandika maelezo, au benki ikayakata.

Suluhisho lao ni la kuvutia kwa urahisi wake. Tuseme umeagiza begi la rupia 150,000. Mfumo haukuambii ulipe 150,000. Unakuambia ulipe 150,237. Zile tarakimu tatu za mwisho umepewa wewe peke yako kwa muda huo. Mfumo unasoma taarifa ya akaunti ya benki, unaona 150,237 imeingia, na unajua ni oda yako bila jina, bila faksi, bila benki kubadili chochote upande wake. Rupia 237 ni pesa ndogo kiasi kwamba hakuna anayeigombania. Kiasi chenyewe cha pesa ndicho kimebeba ujumbe.

Ujanja huo una mipaka, na mipaka yake inafundisha. Tarakimu tatu hazifiki hata namba elfu moja kwa bei moja. Kwa hiyo kila namba lazima irudishwe ghalani itumike tena, na ndiyo maana mnunuzi alipewa muda mfupi wa kulipa, ukipita oda inafutwa. Aliyezoea kuzungusha hesabu akalipa 150,000 au 150,300 alisababisha mtu wa huduma kwa wateja atafute kwa macho. Na kwa kuwa kutuma kati ya benki mbili kulikuwa na tozo, soko lilibidi liwe na akaunti katika kila benki kubwa, BCA, Mandiri, BNI, BRI, na kuzisoma zote. Baadaye benki zilianza kutoa namba ya akaunti ya muda kwa kila oda, na zile tarakimu zikapungua umuhimu. Lakini kwa miaka kadhaa ya mwanzo, uchumi mzima wa maduka madogo ulisimama juu ya rupia mia mbili na kitu.

Japani nitaipitia haraka. Yahoo Japan ilianza minada Septemba 1999, eBay ikaingia miezi michache baadaye ikitaka tozo na kadi ya mkopo, na mwaka 2002 ikafunga virago. Mercari, soko la mtandaoni la mwaka 2013, ndiyo iliyokifikisha kifaa chetu mbali zaidi. Pesa inashikiliwa mpaka mnunuzi apokee mzigo na kumpa muuzaji alama, na mizigo inaweza kusafiri bila yeyote kuiona anwani ya mwenzake, kwa kuchanganuliwa msimbo kaunta tu. Ni kinyume cha Wangwang. Mchina alitaka amzoee muuzaji. Mjapani anayeuza gauni lake la zamani hataki ajulikane anakaa wapi. Saa ya pesa ni ileile.

India ilikwenda kwa miguu. Kampuni ya mauzo mtandaoni ya Flipkart, iliyoanzishwa na Sachin Bansal na Binny Bansal mwaka 2007, ilianza mwaka 2010 kumruhusu mteja alipe mlangoni. Pesa haikukaa katikati popote, ila mzigo ndio uliokaa katikati, mikononi mwa dereva wa pikipiki. Njia hiyo iliwaleta wanunuzi ambao hawajawahi kulipa mtandaoni, lakini gharama iliangukia kampuni: mteja akibadili mawazo mlangoni, mzigo unarudi ghalani kwa nauli ileile, na noti zinahitaji kuhesabiwa, kulindwa na kupelekwa benki. Flipkart ilijenga pia kampuni yake ya usafirishaji.

Kuna swali ambalo wanaosifu Alipay hulipita haraka: pesa inapokaa katikati, riba yake ni ya nani? Mzigo mmoja hukaa siku chache, lakini mizigo ikiwa mamilioni kuna bwawa la pesa ambalo halikauki. Benki Kuu ya China ilianza kutoa leseni kwa kampuni za malipo Mei 2011, na kufikia Januari 2019 iliamuru pesa yote ya wateja iliyoshikiliwa na kampuni hizo ihamie kwake. Bwawa likachukuliwa. Afrika Mashariki swali hilo lilijibiwa kwa namna tofauti: Tanzania, huduma ya pesa za simu ya Tigo Pesa ilianza mwaka 2014 kugawa faida ya akaunti ya dhamana inayotunza pesa za wateja kwa watumiaji wake, na wengi tunakumbuka ile meseji ya kushangaza iliyosema umeingiziwa shilingi kadhaa bila kutumiwa na mtu.

Na hapo ndipo uchambuzi huu unapotugusa. Sisi hatukuwahi kuhitaji zile tarakimu tatu za Indonesia. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007, mlipaji anajulikana papo hapo kwa jina na namba. Tulichokosa ni pesa kukaa. Ikitoka imetoka, na muuzaji anaweza kuitoa kwa wakala kabla hujafunga simu. Soma maelezo kwenye kurasa za wauza nguo na simu wa Dar es Salaam huko Instagram: Dar unalipia ukipokea mzigo, mikoani unalipia kwanza tunatuma kwa basi. Sentensi hiyo ina India na China ya 2003 kwa pamoja. Ndani ya mji bodaboda anakaa katikati. Nje ya mji hakuna anayekaa.

Tapeli huishi kwenye sehemu ya pili ya sentensi hiyo, na kumwondoa hakuanzii kwenye malipo. Mitandao ya simu inaweza kushikilia pesa kesho ikitaka. Ushahidi ndio haupo. Muuzaji wa Kariakoo anayetuma mzigo Mwanza humtumia mteja picha ya risiti ya basi kwa WhatsApp. Ina jina la mpokeaji, namba ya simu, nauli ya mzigo, na pengine namba ya gari. Haisemi ndani ya kifurushi mna nini, haiwezi kusomwa na mfumo wowote, na mzigo ukichukuliwa Mwanza hakuna kinachorudi Dar kusema umechukuliwa, saa ngapi na nani. Saa ya Alipay haina pa kuanzia kuhesabu wala pa kusimamia. Anayetaka kuijenga hapa atalazimika kwanza kwenda kwenye kaunta za vifurushi za mabasi, kampuni moja baada ya nyingine, na kuwashawishi wakatishe risiti yenye namba inayosomeka kwenye simu pande zote mbili za safari.